Masikio Yanalia, Halafu Unaambiwa Uongeze Sauti?

Mtu analalamika kwamba masikio yake hayanyamazi. Mchana na usiku anasikia mlio mwembamba wa nyenje, au mvumo usiokatika, na aliyekaa naye kochi moja hasikii chochote. Anakwenda hospitali, anapimwa, na ushauri anaorudi nao ni kwamba avae kifaa cha kukuza sauti. Nyumbani wanaduwaa. Mtu tayari ana kelele kichwani, sasa aongezewe nyingine? Shemeji anasema hao wanataka tu kumuuzia mashine. Binamu anamtumia kwenye WhatsApp tangazo la matone yanayomaliza mlio ndani ya wiki moja.

Kwa mtu ambaye usikivu wake umepungua, ushauri wa hospitali ndio wa kushika na matone ndiyo ya kuachana nayo. Ila sababu yake haijielezi yenyewe, na wanaoutoa ushauri huo mara nyingi wana foleni ndefu mlangoni, hawana nafasi ya kuufafanua. Tuanze na mlio wenyewe.

Sauti isiyotoka nje

Kitaalamu hali hii huitwa tinitasi: kusikia sauti ambayo chanzo chake hakipo nje ya mwili. Kwa mmoja ni kengele, kwa mwingine mluzi, kwa mwingine mvumo wa jenereta ya mbali. Inaweza kusikika sikio moja, yote mawili, au katikati ya kichwa. Wengi tumeionja tulipotoka kwenye muziki mkubwa ukumbini, tukalala, asubuhi ikawa imekwisha. Inapodumu miezi sita na kuendelea bila kuondoka, miongozo mingi ya tiba huihesabu kuwa sugu.

Wenye hali hii si wachache. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Neurology, uliokusanya tafiti kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulikadiria kwamba takriban asilimia 14 ya watu wazima wana tinitasi, na kwa takriban asilimia 2 ni kali. Hao wa asilimia 2 ndio wanaokosa usingizi, wanaoshindwa kusoma au kuswali kwa utulivu, wanaoogopa chumba kikiwa kimya.

Tusiichanganye na kusikia watu wakizungumza au sauti zinazomwamrisha mtu. Hilo ni jambo tofauti na lina madaktari wake. Wala haina uhusiano na yale tuliyokua tukiyasikia, kwamba sikio likilia kuna mtu anakusengenya. Mazungumzo hayo ya barazani hayana madhara, mpaka pale mtu mzima anapoishi na mlio miaka kadhaa akizungushwa kwa waganga, bila masikio yake kupimwa hata mara moja.

Kuna jaribio la zamani linalosaidia sana kuondoa hofu. Mwaka 1953, nchini Marekani, watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopitisha sauti, mmoja mmoja, wakawaomba waseme wanachokisikia. Asilimia 94 walisema wanasikia kitu: mvumo, mlio, msisimko wa aina fulani. Hawakuwa wagonjwa, na wengi wao hawakuwahi kulalamikia masikio yao. Maana yake ni kwamba mishipa yetu ya fahamu haikai kimya kabisa hata siku moja. Kinachotuzuia tusiisikie ni sauti za dunia zinazoingia muda wote na kuifunika. Shikilia hapo, kwa sababu habari yote ya kifaa inatoka kwenye jambo hilo.

Sauti zilizopotea

Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojikunja uitwao koklea, na humo zimepangwa seli ndogo zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe unaosafiri kwenye mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Kila sehemu ya koklea ina sauti zake. Mwanzoni, pale sauti inapoingilia, zinakaa seli za sauti nyembamba. Mwishoni kabisa zinakaa za sauti nene. Zile za mwanzoni ndizo ambazo kwa kawaida huanza kufa, kwa umri au kwa kelele, na kwa binadamu seli hizi zikifa hazioti tena.

Chukua mzee aliyesimamia mashine ya kusaga unga kwa miaka ishirini. Hakuamka siku moja akiwa kiziwi. Anasikia watu wakiongea, ila maneno hayashiki vizuri. Irabu nene anazipata bila shida. Konsonanti nyembamba kama s, t, f na k ndizo zinazomponyoka, kwa hiyo saa, taa na kaa zinamfikia zikiwa neno moja na yeye anabaki kubahatisha. Anasema vijana wa siku hizi wanamung'unya maneno. Kuku akilia uani anamsikia. Simu ikiita chumba cha pili, hana habari. Na ukimuuliza shida yake, atakwambia mlio wa masikio ndio unaomzuia asisikie. Wengi husema hivyo, na hapa ndipo mkanganyiko unapozaliwa, kwa sababu kwa kawaida mambo yamekwenda kinyume: usikivu ulipungua kwanza, mlio ukafuata.

Dawa nazo zina sehemu yake. Waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanaukumbuka ule mvumo uliokuja na vidonge, na kwa wengi uliondoka dozi ilipokwisha. Aspirini ikitumiwa kwa wingi huweza kufanya vivyo hivyo. Sindano za jamii ya gentamisini, streptomaisini, amikasini na kanamaisini ni habari nzito zaidi, kwa sababu zinaweza kuua seli za vinyweleo, na madhara hayo hubaki. Kanamaisini ilitumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu, hadi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 ulipoiondoa na kuweka mbele matibabu ya vidonge. Wapo ndugu zetu waliopona kifua kikuu wakabaki na masikio yanayolia, na hawastahili kuambiwa kwamba wana mawazo mengi. Ongeza masikio yaliyotoka usaha utotoni yakaachwa bila tiba kamili, spika kubwa za harusini, na vidude vya masikioni vinavyopigwa kwa sauti ya juu kutwa nzima.

Sasa, ubongo unafanya nini sauti zinapopungua? Aliyewahi kusikiliza idhaa ya Kiswahili usiku kwenye redio ya masafa mafupi ataelewa haraka. Kituo kikififia, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti. Ukipandisha, mtangazaji anasikika kidogo zaidi, na ule mchakacho nao unapanda pamoja naye. Mchakacho ulikuwepo tangu mwanzo, chini ya sauti yake. Ubongo uliozoea kupokea sauti nyembamba na ghafla hauzipati hufanya jambo kama hilo: hujiongezea wepesi wa kupokea katika eneo lile lililopungukiwa, na zile harakati za kawaida za mishipa ya fahamu, ambazo zamani zilifunikwa, zinatokeza juu. Ndizo mtu anazozisikia kama mlio.

Haya ndiyo maelezo ambayo watafiti wengi huyategemea leo, na yana ushahidi wa kueleweka. Mara nyingi wembamba wa mlio hulingana na eneo lile lile ambalo chati ya usikivu inaonyesha limepotea. Tena wapo wagonjwa waliokatwa mshipa wa fahamu wa usikivu wakati wa upasuaji wa uvimbe, sikio likawa halina mawasiliano tena na ubongo, na mlio ukaendelea. Kama mlio ungekuwa unakaa sikioni, ungeisha hapo. Ndiyo maana pia matone ya mafuta ya nazi, kitunguu saumu au dawa ya dukani hayaugusi: yanaishia kwenye mfereji wa nje, mbali na mahali tatizo lilipo, na kama ngoma ya sikio imetoboka yanaweza kuleta madhara.

Kuna kitu cha pili kinachotofautisha anayeusikia mlio akaendelea na shughuli zake, na yule anayeteseka. Mwaka 1990 mtafiti Pawel Jastreboff alieleza kwamba mateso huanza pale ubongo unapoupa mlio maana ya hatari. Ukishaitwa hatari, mwili unakaa macho, moyo unakwenda mbio, usingizi unakimbia, na masikio yanautafuta mlio badala ya kuuacha upite. Kadiri unavyoutafuta ndivyo unavyousikia. Kwa hiyo unapomwambia mgonjwa "hakuna dawa, nenda ukaishi nao" kisha ukaita anayefuata, unamwongezea hofu ile ile inayoulisha mlio. Kauli hiyo imewaumiza watu wengi sana, na ningependa iachwe kabisa. Ni kweli kwamba hakuna kidonge kilichothibitishwa kuiponya tinitasi sugu. Msaada lakini upo.

Kifaa kinafanya kazi gani hasa

Kifaa cha usikivu, ambacho wengine hukiita shimesikio au mashine ya sikio, kina maikrofoni inayopokea sauti, kompyuta ndogo inayozichambua, na spika inayozipeleka sikioni zikiwa zimekuzwa. Vya kisasa havikuzi kila kitu kwa kiasi kimoja. Mtaalamu wa usikivu hukifungua kwenye kompyuta yake na kukipanga kwa kufuata chati ya mgonjwa: pale aliposhuka sana kikuze sana, pale anaposikia vizuri kisiguse. Sauti ndogo hupandishwa zaidi kuliko kubwa, ili mnong'ono usikike na honi isiumize.

Ukirudi kwenye ile redio, kifaa ni sawa na kusogeza mtambo wa kurushia matangazo karibu na kijiji chako. Kituo sasa kinaingia kwa nguvu, mchakacho unazama chini yake, na hakuna tena haja ya kung'ang'ania kitufe cha sauti. Sauti zilizopotea zinaurudia ubongo, nao unapata kitu cha kufanyia kazi katika eneo lililokuwa tupu. Zaidi ya hapo, zile sauti ndogondogo za mazingira, kama upepo kwenye majani, feni, maji ya bombani na watu wa nyumba ya pili, zinaanza tena kuufunika mlio bila mtu kujitahidi. Na mzee yule aliyekuwa akichoka kila jioni kwa kubahatisha maneno sasa anazungumza bila kukaza shingo. Uchovu na wasiwasi vikipungua, mlio nao hupungua ukali.

Ukikaa kwenye chumba cha mtaalamu siku kifaa kinapowashwa kwa mara ya kwanza utashangaa, kwa sababu mara nyingi mgonjwa haanzi kuzungumzia mlio. Anageuka kutazama karatasi anayoikunja daktari, kwa jinsi inavyochakarisha. Anasikia kandambili za mtu korido nzima. Anasema sauti yake mwenyewe imekuwa ngeni. Baada ya dakika kadhaa mtaalamu humuuliza, "Na ule mlio?" Anakaa kimya kidogo akiutafuta. Kuna wanaosema haupo, wanaosema upo lakini umekwenda mbali, na wanaosema upo vilevile. Majibu yote matatu ni ya kawaida siku ya kwanza.

Kwa hiyo lile swali la nyumbani, kwamba mwenye kelele aongezewe nyingine, lina jibu. Lengo si kuuzidi mlio kwa kelele. Ukipiga muziki mkubwa ili uuzamishe, unaweza kuziua seli zilizobaki na kesho mlio ukawa mkali zaidi. Kifaa kinarudisha sauti za kawaida kwa kiwango kilichopangwa kulingana na usikivu wa mgonjwa.

Ushahidi unasemaje

Wazo hili ni la muda mrefu. Mwaka 1947 madaktari Saltzman na Ersner wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa wao waliopata nafuu ya mlio walipovaa vifaa vya wakati huo, vilivyokuwa vikubwa na vyenye sauti ya kukwaruza. Tangu hapo vifaa vimebadilika sana, na wataalamu wengi wanaohudumia wagonjwa hawa watakuambia wameona nafuu hiyo kwa macho yao.

Utafiti wa majaribio haujafika mbali kama tungependa, na msomaji anastahili kulijua hilo kabla hajatoa fedha. Mwaka 2018 mtandao wa kitaalamu wa Cochrane ulikusanya majaribio 8 yaliyohusu watu 590. Waliovaa vifaa vya usikivu walipata nafuu ya kuonekana. Waliopewa vifaa vinavyotoa sauti laini mfululizo walipata pia. Waliopewa vya mseto, yaani vinavyokuza sauti na pia kutoa sauti hiyo laini, vilevile, na hakuna kundi lililolishinda jingine. Tatizo ni kwamba hakuna jaribio kati ya hayo lililowalinganisha na watu waliokuwa wakisubiri tu bila kupewa kitu. Kwa hiyo haiwezekani kutenganisha kiasi cha nafuu kilicholetwa na kifaa, na kile kilicholetwa na muda, ushauri na faraja ya kusikilizwa na mtaalamu.

Kwa nini basi bado kinapendekezwa? Kwa sababu mtu huyu ana matatizo mawili, na kwa tatizo la kwanza, kutosikia, faida ya kifaa haina ubishi. Hatari zake ni ndogo. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2014 unataka kila mwenye usikivu uliopungua na mlio sugu unaomsumbua afanyiwe tathmini ya kupewa kifaa. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotoka Machi 2020, unakwenda kwa ngazi: mwenye upungufu unaomkwamisha kwenye mazungumzo apewe; mwenye upungufu usiomkwamisha afikiriwe; mwenye tinitasi asiye na upungufu wowote asipewe. Hiyo ngazi ya mwisho isomwe mara mbili. Kama umepimwa na usikivu wako ni mzima, anayekushawishi ununue kifaa cha kukuza sauti anakupotezea fedha.

Miongozo hiyo pia inazungumzia vidonge wanavyopewa wenye mlio. Ule wa Marekani unashauri watu wasipewe ginkgo, zinki, melatonini wala virutubisho vingine kwa ajili ya tinitasi. Ule wa Uingereza unakataza betahistini, dawa ya kizunguzungu ambayo wengi hupewa kwa ajili ya mlio peke yake. Kinachopewa nafasi kubwa, sambamba na kifaa, ni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kubadili fikra na mwenendo wake kuhusu mlio. Cochrane mwaka 2020 walichambua majaribio 28 yenye watu 2,733 wakaona tiba hiyo hupunguza namna mlio unavyoharibu maisha ya mtu, hata kama sauti yenyewe ipo palepale. Wanaotoa huduma hiyo ni wachache kwetu, lakini mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyefunzwa anaweza kusaidia hata kama hajawahi kushughulikia masikio.

Kabla ya kununua chochote

Anza kwa kuangaliwa sikio. Nta iliyojaa na kuziba inaweza peke yake kuleta mlio, na ikitolewa kitaalamu mambo yanaisha. Usiichokonoe kwa kijiti cha pamba wala kwa kizibo cha kalamu. Unaisukuma ndani zaidi. Kisha pimwa usikivu kwenye chumba tulivu, kwa mashine, sikio moja moja. Idara za masikio, pua na koo za hospitali kubwa, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Kenyatta jijini Nairobi na Moi kule Eldoret, ni mahali pa kuanzia, au uliza hospitali ya mkoa wako wapi wanapima.

Zipo dalili ambazo hazisubiri mambo ya kifaa. Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, ni dharura: kuna matibabu yanayotolewa mapema, na kila siku inayopita inapunguza uwezekano wa kufaidika nayo. Mlio wa sikio moja tu, mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo, mlio unaokuja na kizunguzungu kikali, uso kulegea upande mmoja, au sikio linalotoa usaha, vyote vinahitaji daktari kwanza. Na anayefika mahali pa kufikiria kujidhuru kwa sababu ya mlio asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ikithibitika kwamba usikivu umepungua, hapo ndipo kifaa kinaingia, na ubora wa upangaji ni muhimu kuliko jina la kampuni. Kwa mtu ambaye bado anasikia sauti nene vizuri, ni bora sikio lisizibwe lote. Hutumika kifuniko laini chenye matundu kinachoruhusu sauti za kawaida kuingia zenyewe. Sikio likizibwa kabisa, mtu anasikia sauti yake ikivuma ndani, na mlio nao unaweza kuonekana umeongezeka. Kama masikio yote mawili yamepungua, kwa kawaida yote mawili huvalishwa. Muulize mtaalamu kuhusu ile programu ya kupunguza kelele: kazi yake ni kuondoa sauti za chinichini za mazingira, na hizo ndizo zinazoufunika mlio, hivyo wengine huipunguza au huweka programu ya pili kwa ajili ya mahali tulivu. Vifaa vingi vya leo vinaweza pia kutoa sauti laini ya mvua au mawimbi, au kupokea sauti kutoka kwenye simu.

Jipe wiki kadhaa, na kwa wengine miezi. Kivae kutwa nzima, hata ukiwa peke yako nyumbani, kwa sababu chumba kitulivu ndipo mlio unapotamba. Wapo wanaokivaa wanapokwenda ibadani na harusini tu, kisha wanasema hakijasaidia mlio. Wengine wanaogopa kwamba sikio litadeka na kuwa zito zaidi. Kifaa kilichopangwa vizuri hakiharibu sikio. Kinachotokea ni kwamba ukikivua baada ya kuzoea kusikia, unagundua ulikuwa umekosa nini. Kama hata sauti za kawaida zinakuumiza masikio, mwambie mtaalamu mapema, apunguze kiwango cha juu kabisa kisha apandishe taratibu.

Usiku kifaa huvuliwa, na kwa wengi mlio hurudi. Ndiyo sababu watu wa pwani wenye tinitasi hulala vizuri feni ikizunguka, na umeme ukikatika wanaamka papo hapo. Redio ndogo ya betri kwa sauti ya chini, au sauti ya mvua iliyohifadhiwa kwenye simu yenye chaji, hufaa kwa saa hizo. Iwe chini kidogo ya mlio, usijaribu kuufukia.

Bei ndiyo kikwazo kikubwa, na kujifanya sivyo ni kuwadharau wasomaji. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kwamba ni takriban asilimia 17 tu ya watu wanaoweza kufaidika na vifaa vya usikivu ndio wanaovitumia. Kutokana na ughali huo watu hununua vile vikuza sauti vya bei ya chee mtandaoni, vinavyopandisha kila kitu kwa pamoja: honi, jiko, mlango, na mtu anayenong'ona havifanikiwi kumleta. Kwa mwenye tinitasi vinaweza kuwa adha juu ya adha. Njia nyingine ni kifaa alichotuma ndugu aliyeko Ulaya au Uarabuni, pengine kilikuwa cha mzee aliyefariki. Usikitupe, wala usikivae kilivyo. Kimepangwa kwa masikio ya mtu mwingine. Kipeleke kwa mtaalamu, na kama ana programu ya kampuni hiyo anaweza kukifuta na kukipanga upya kwa chati yako, kwa gharama ndogo kuliko kununua kipya.

Ukinunua kipya, uliza kabla ya kulipa: je, kuna muda wa kukijaribu na kukirudisha kama mlio na usikivu havikubadilika? Je, marudio ya kupangiwa upya yamo ndani ya bei? Wengi huhitaji kurudi mara kadhaa, na muuzaji anayedai malipo kila ziara atakufanya uache njiani. Uliza betri zinapatikana wapi. Zile ndogo za vidonge hutofautishwa kwa rangi ya stika, ya kahawia kwa namba 312 na ya chungwa kwa namba 13. Ukishabandua stika, iache betri dakika chache ivute hewa kabla ya kuifungia ndani, la sivyo utadhani ni mbovu. Kwa wanaoishi Tanga, Mombasa, Unguja na kwingineko kwenye joto lenye unyevu, omba chombo cha kukaushia chenye chembe za kufyonza maji, ukilaze humo kila usiku mlango wa betri ukiwa wazi, maana jasho na unyevu huharibu vifaa hivi upesi. Na uliza nani atakirekebisha kikikorofisha, yuko mji gani, na kwa muda huo utakuwa unavaa nini.